Reli Isiyopata Treni: Kisa cha Njia ya Baiskeli ya Vía Verde de la Sierra

Kusini mwa Hispania, kwenye vilima vinavyogawa mikoa ya Cádiz na Sevilla, kuna njia ya kilomita 36 iliyofungiwa magari. Inaanzia Puerto Serrano, mji mdogo kando ya mto Guadalete, na kuishia Olvera. Ndani ya umbali huo kuna mahandaki 30, madaraja marefu manne na majengo matano ya vituo vya reli. Kitu pekee ambacho hakikufika huko ni treni.

Jina lake ni Vía Verde de la Sierra, yaani Njia ya Kijani ya Milimani. Nimeichagua kwa sababu inajibu swali linalowasumbua watu wengi wanaopenda kuendesha baiskeli kwenye changarawe: kwa nini ni vigumu kiasi hiki kupata nchi ya milima ambayo unaweza kuipita siku nzima bila kukoswakoswa na lori, na bila kushuka kusukuma baiskeli kila baada ya dakika kumi? Watu hudhani jibu ni pesa za kujenga njia za baiskeli. Ukikitazama kisa hiki kwa karibu, pesa za baiskeli zilikuwa sehemu ndogo kabisa. Gharama kubwa ililipwa miaka 70 kabla, kwa shabaha nyingine, na watu ambao mradi wao ulikwama.

Mwaka 1926 Hispania ilikuwa chini ya Jenerali Miguel Primo de Rivera, aliyetwaa madaraka mwaka 1923. Serikali yake ilipenda miradi mikubwa: mabwawa, barabara, reli. Waziri wake wa ujenzi, Rafael Benjumea, aliyekuwa na cheo cha kimwinyi cha Conde de Guadalhorce, alitoa mpango wa reli zilizotakiwa kujengwa kwa haraka, na mojawapo ilikuwa ile ya kutoka Jerez de la Frontera hadi Almargen. Hesabu ilikuwa hivi: Jerez iko karibu na bahari na ina mvinyo wake, milimani kuna mizeituni, nafaka na mifugo, Almargen iko kwenye reli ya Bobadilla–Algeciras, iliyojengwa na kampuni ya Waingereza mwishoni mwa karne ya 19. Ukiunganisha hizo, mazao ya milimani yanapata njia ya kutokea pande zote mbili.

Wakachimba. Mahandaki yalitobolewa, madaraja yakasimamishwa, majengo ya vituo yakaezekwa. Kisha ukaja mdororo wa uchumi wa dunia, jenerali akaondoka mwaka 1930, ufalme ukaanguka mwaka 1931, na mwaka 1936 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikalipuka. Kazi ilisimama. Baada ya vita nchi ilikuwa maskini, na miongo iliyofuata malori yakaanza kubeba kile ambacho reli ilikusudiwa kubeba. Kipande hiki cha milimani hakikufunguliwa kamwe. Wachungaji walitumia mahandaki kujikinga mvua, na vituo vikabaki kuta tu.

Kwa mhasibu wa serikali hiyo ilikuwa hasara tupu. Kwa mwendesha baiskeli wa leo, mhandisi wa reli wa miaka ya 1920 alimfanyia kazi ambayo hakuna wizara ya michezo ingekubali kuilipia.

Mteremko wa reli

Treni haiwezi vilima. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza, kwa hiyo mwinuko wa mita mbili au tatu kwa kila mita mia ni kazi nzito, na wahandisi hufanya kila njia kuuepuka. Mlima ukisimama mbele wanautoboa. Bonde likikatiza wanalivusha daraja. Kona kali wanainyoosha iwe upinde mrefu. Barabara ya magari haina sababu ya kujitesa hivyo. Inapanda tu.

Tofauti hiyo utaiona kwa macho pale pale jirani. Barabara ya Puerto de las Palomas, kati ya Zahara na Grazalema, inapita kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,100, na inafika huko kwa kujipinda mlimani kona baada ya kona. Ni barabara ya kupendeza kwa mwenye miguu yenye nguvu. Mwenye mtoto wa miaka tisa kwenye baiskeli yake ndogo hatathubutu. Njia ya reli, umbali mfupi kaskazini, inapenya nchi ile ile yenye mikunjo ile ile, lakini wastani wa kupanda kwake kutoka Puerto Serrano hadi Olvera haufikii hata mita moja na nusu kwa mita mia. Unakanyaga pedali, unahisi uzito kidogo tu, na baada ya saa mbili unageuka nyuma kushangaa umbali uliopanda.

Kwa hiyo wenye haraka huanzia Olvera na kushuka. Binafsi naona wanakosea mpangilio. Ukianzia Puerto Serrano asubuhi unapanda wakati jua halijakomaa, unakula chakula cha mchana Olvera, na jioni ukiwa umechoka njia yenyewe inakurudisha.

Mahandaki ndiyo yanayogeuza safari hii kuwa kitu cha kipekee, na ndiyo pia sehemu inayohitaji akili. Refu kuliko yote linakaribia kilomita moja. Kutoka kwenye mwanga mkali wa Andalusia, jimbo hili la kusini, macho hayapati muda wa kuzoea. Unaingia na miwani ya jua usoni, na kwa sekunde chache huoni hata mikono yako kwenye usukani. Joto linakatika ghafla, jasho la mgongoni linakuwa baridi, na sauti ya tairi juu ya kokoto inaanza kukurudia kutoka ukutani kana kwamba kuna mtu wa pili anayekufuata. Maji yanadondoka kutoka darini. Mbele kuna nukta ya mwanga isiyokua kwa kasi unayotarajia, na kama handaki lina kona, hata hiyo nukta haipo. Baadhi ya mahandaki marefu yamewekewa taa, lakini taa za mahali pa umma milimani zina tabia ya taa za umma kila mahali. Beba yako, ya mbele na ya nyuma, na kengele. Hatari ya humo ndani ni familia inayotembea kwa miguu bila tochi, watoto wakijaribu mwangwi kwa kupiga kelele, wakati wewe unakuja na kilomita 25 kwa saa.

Kati ya handaki na handaki kuna Peñón de Zaframagón, jabali la chokaa linalochomoza peke yake juu ya bonde la mto Guadalporcún. Ni hifadhi ya mazingira, kwa sababu tai mzoga wengi mno wanazalia kwenye nyufa zake. Jengo la kituo cha Zaframagón, lililokusudiwa abiria, limekuwa kituo cha kuwatazama ndege hao: kuna kamera iliyoelekezwa jabalini, inaleta picha za viota bila mtu kuwasogelea. Ukiwa nje, inua tu kichwa kuanzia saa nne au saa tano asubuhi, hewa inapoanza kupata joto. Wanazunguka juu ya daraja bila kupiga bawa hata mara moja. Kama njia hii ingekuwa barabara ya magari, sidhani kama jabali hilo lingebaki na idadi hiyo ya viota.

Nani mwenye ardhi

Hapa ndipo kisa kinapovutia zaidi, ingawa watu wa baiskeli mara nyingi huruka sehemu hii.

Ukitaka kujenga njia mpya ya kilomita 36 kupita kwenye mashamba ya mizeituni ya Andalusia, utakutana na mamia ya vipande vya ardhi, kila kimoja na mwenyewe, na kila mwenyewe na wakili wake. Mmoja akikataa, njia imekatika. Reli ilishamaliza mzozo huo zamani. Ardhi ilitwaliwa kwa ajili ya manufaa ya umma, ikiwa ukanda mmoja usiokatika, na treni ilipokosa kuja, ukanda huo haukurudi mikononi mwa watu binafsi. Ulibaki mali ya umma, umejaa miiba lakini mzima.

Hispania ilikuwa na kanda nyingi za namna hiyo. Mwaka 1985 peke yake reli nyingi zilizokuwa zikila hasara zilifungwa kwa mpigo, na zilipohesabiwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilionekana kuna zaidi ya kilomita 7,600 za reli zisizotumika nchini kote. Mwaka 1993 ukaanza mpango wa Vías Verdes, chini ya wizara ya ujenzi, huku taasisi ya reli iitwayo Fundación de los Ferrocarriles Españoles ikipewa kazi ya kuuratibu. Leo njia hizo zimepita kilomita 3,000. Nyingi ni fupi, nyingine ziko kwenye tambarare, na zipo zilizotelekezwa mara ya pili, kwa sababu baada ya kukata utepe hakuna aliyejua nani atalipa mshahara wa mtu wa kufyeka nyasi.

Waliohusika na njia ya Sierra walilielewa hilo mapema. Mwaka 2000 waliunda taasisi yao, Fundación Vía Verde de la Sierra, yenye kazi ya kuisimamia njia hii. Serikali za mikoa ya Cádiz na Sevilla zimo, na halmashauri za miji inayoguswa zimo: Puerto Serrano, Montellano, Coripe, Pruna, Olvera. Unaweza kuona urasimu tu hapo. Mimi naona sababu kuu ya njia hii kuwa hai. Daraja la urefu huo halisubiri huruma ya watu wa kujitolea. Jiwe likidondoka ndani ya handaki, lazima awepo mtu ambaye ni kazi yake kupigiwa simu. Na kwa kuwa njia inavuka mpaka wa mikoa miwili, bila chombo kimoja kila upande ungesema shimo liko kwa mwenzake.

Vituo navyo vilipewa kazi. Kimoja kikawa cha ndege, kama nilivyosema. Vingine vikawa mahali pa kula, kulala na kukodi baiskeli. Hiyo inaleta pesa kidogo na, la maana zaidi, inaleta macho. Mahali penye mtu anayepika kahawa kila asubuhi pikipiki za vijana haziingii ovyo. Gari linaloruhusiwa ni la matengenezo au la mkulima mwenye kibali.

Lakini njia hii haiendi mjini

Sasa upande wa pili, maana waandishi wa safari wakifika hapa huwa wanamwaga sifa tu.

Miji ya eneo hili ilijengwa vilimani kwa sababu ya vita. Kwa karne mbili na zaidi hapa palikuwa mpaka kati ya ufalme wa Castilla na Waislamu wa Granada. Ndiyo maana majina mengi ya miji ya mkoa wa Cádiz yanamalizikia na «de la Frontera», ya mpakani. Olvera yenyewe ilikuwa na ngome ya Waislamu hadi Alfonso wa Kumi na Moja alipoiteka mwaka 1327, na ngome hiyo bado iko juu kabisa ya jabali, pembeni ya kanisa, nyumba nyeupe zikiteremka chini yake. Reli, kwa sababu zile zile za mteremko, ilifuata mto chini. Matokeo yake kituo na mji havikutani. Coripe iko juu ya kituo chake, na kupanda kwenda kijijini ni kukali kuliko kitu chochote utakachokutana nacho kwenye njia yenyewe. Olvera ni vivyo hivyo: umemaliza kilomita 36 za kubembelezwa, halafu unakabidhiwa mlima wa lami ili upate chakula.

Hiyo ina maana moja kubwa: mkazi wa Coripe haitumii njia hii kwenda kazini. Ni njia ya mapumziko, ya Jumapili, ya wageni. Siyo dhambi, ila tusiiite usafiri. Mtu anayetaka kuiga mfano huu kwa ajili ya wanafunzi na wafanyakazi aanze kwa kuangalia kama reli aliyonayo inapita penye watu.

Kasoro ya pili ni kwa wale wanaojiita waendeshaji wa changarawe hasa, wenye tairi za milimita 40 na zaidi na mikoba imefungwa kila upande. Kwao kilomita 36 ni kifungua kinywa. Uso wa njia umeshindiliwa vizuri, hata baiskeli ya mjini inapita, na ukifika mwisho unarudi ulikotoka au unatupwa barabarani pamoja na magari.

Wengi wa hao hutaja Toscana, nchini Italia, kama mahali pa kwenda. Huko kuna barabara nyeupe za chokaa, na kisa chake ni tofauti kabisa. Mwaka 1997, huko Gaiole in Chianti, Giancarlo Brocci alianzisha L'Eroica, safari ya baiskeli za kizamani, na hoja mojawapo ilikuwa kuzuia barabara hizo zisitiwe lami. Mwaka 2007 yakafuata mashindano ya waendeshaji wa kulipwa ambayo leo yanaitwa Strade Bianche, na baada ya hapo halmashauri yenye barabara ya vumbi iliyowahi kuonekana kwenye televisheni haikuwa na haraka tena ya kuitia lami. Ni mafanikio ya aina yake. Lakini barabara hizo ziko wazi kwa magari. Ni machache yanayopita hapo, hilo ni kweli, ila gari moja la mkulima kwenye kona ya vumbi linatosha, na vilima vyake vinafika asilimia 15 pasipo kuomba radhi. Toscana ililinda vumbi. Sierra ya Cádiz ilifungia magari. Ukitaka yote mawili kwa siku nzima, lazima uyaunge mwenyewe.

Na nyenzo za kuunga zipo, tena zina sheria. Hispania ina mtandao wa njia za kale za mifugo, zinazokadiriwa kufika kilomita 125,000, ambazo wafugaji walizitumia kuhamisha kondoo kati ya malisho ya kiangazi na ya baridi. Kubwa kati yake, cañada, ina haki ya upana wa hadi mita 75. Sheria namba 3 ya mwaka 1995 inazitambua kuwa mali ya umma, zisizouzika, na inaruhusu wazi wazi matembezi, farasi na vyombo visivyo na injini kama matumizi ya ziada, ilimradi mifugo ipewe njia kwanza. Kwenye ramani zimo. Uwanjani mambo ni mengine: nyingi zimelimwa na mizeituni ya jirani, nyingine zimewekwa lango, na mwenye shamba atakutazama kama umeingia chumbani kwake. Hapo ndipo unapoelewa thamani ya reli. Cañada ni pana mara kadhaa, ina historia ya karne nyingi na sheria ya kuilinda, lakini haina daraja wala handaki linalomwambia kila mtu kwamba hapa ni njia. Ukanda wa reli unajionyesha wenyewe. Huwezi kupanda mzeituni ndani ya handaki.

Mwenye kupanga mzunguko afanye hivi: atumie njia ya reli kama uti wa mgongo wa kuvuka sehemu ngumu, kisha achomoke kituoni na kupanda kwenye njia za mashamba kuelekea kijiji kinachofuata, akishuka tena kwenye reli mbele. Kupanda kutakuwepo, lakini kwa kipimo chako. Afuate njia ambazo zinaonekana kukanyagwa, na akikuta lango lenye kamba tu alifunge kama alivyolikuta. Kuanzia Novemba hadi Januari ni msimu wa kuvuna zeituni. Trekta na watu wenye nyavu wamejaa mashambani, na udongo wa mfinyanzi ukilowa unang'ang'ania tairi hadi gurudumu linagoma kuzunguka. Milima ya Grazalema iliyo jirani inahesabiwa kati ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Hispania, jambo linalowashtua wageni waliodhani Andalusia ni jua tu. Julai na Agosti nako ni kujitafutia balaa: joto linapita nyuzi 35 bila shida, na mahandaki ndiyo kivuli cha kutegemea. Machi hadi Mei, au Oktoba. Maji chukua chupa mbili hata kama umeambiwa kuna mgahawa, maana mgahawa wa katikati ya wiki milimani hufungua kwa mapenzi ya mwenyewe.

Baiskeli haihitaji makuu. Tairi ya milimita 35 inatosha kwenye reli. Ukichomoka kwenda mashambani weka 40 au zaidi na upunguze upepo kidogo. Gia nyepesi ni muhimu kuliko fremu ya bei mbaya, kwa ajili ya ule mlima wa mwisho wa kuingia Olvera.

Kufika kwenyewe ndiko kichekesho kilichobaki. Njia ya reli haina reli. Treni za Bobadilla–Algeciras bado zinapita Ronda na Almargen, na treni za masafa ya kati nchini humo huchukua baiskeli, ingawa nafasi ni chache. Lakini kutoka vituo hivyo hadi Olvera unatumia barabara ya magari, kwa hiyo wageni wengi wanabeba baiskeli juu ya gari, wanaendesha saa moja na nusu kutoka Sevilla au zaidi kutoka Málaga, wanaegesha, na ndipo wanaanza kufurahia mahali pasipo na magari. Maegesho ya Jumapili ya Aprili yanakueleza yote.

Kama ningepewa nafasi ya kushauri, nisingeongeza mgahawa mwingine wala ubao mwingine wa maelezo. Ningepeleka pesa upande wa mashariki, kwenye ule ukanda uliochorwa miaka ya 1920 kwenda Almargen, hadi baiskeli iweze kushuka kwenye treni na kuingia kwenye changarawe bila kugusa lami. Mstari wenyewe ulishachorwa. Waliouchora walikusudia ukutane na treni hapo hapo.